Kikohozi Ambacho Eksirei Haikioni

Kikohozi cha mtu mzima kikizidi wiki 8 madaktari hukiita sugu. Kwetu, ambako kifua kikuu bado kipo, kikohozi cha wiki 2 tu kinatosha kumpeleka mtu akapimwe makohozi, na hilo halina mjadala. Baada ya hapo hutafutwa pumu, asidi inayopanda kutoka tumboni, na dawa za presha kama enalapril na captopril, ambazo kwa baadhi ya watu huleta kikohozi kikavu. Ninaowaandikia leo ni wale ambao, baada ya yote hayo, huambiwa kwamba hawana ugonjwa.

Shangazi yangu ni mmoja wao. Vipimo vyake vilikuwa safi, lakini alikohoa kila vitunguu vilipotiwa kwenye mafuta ya moto, kila alipocheka, kila alipoketi karibu na mtu aliyejipulizia manukato, na hata alipojisafisha sikio kwa pamba. Hili la sikio ndilo lililonifanya nianze kusoma, kwa sababu lina maelezo: tawi dogo la vagasi, neva ileile inayohudumia koo na njia za hewa, hufika hadi kwenye tundu la sikio, na kwa watu wachache kuligusa huamsha kikohozi.

Miisho ya neva hiyo ina vipokezi vya aina mbalimbali. Kimoja, TRPV1, huitikia joto, asidi na ukali wa pilipili. Kingine, P2X3, hunasa ATP, kemikali ya nishati ya mwili, inayotolewa na seli zinapoudhiwa. Taarifa hupanda hadi kwenye shina la ubongo, na huko ndiko amri ya kukohoa hutoka. Kwa watu wengine, mara nyingi baada ya mafua makali, neva hizi hubaki na wepesi wa kuitika kupita kiasi, na ubongo nao hushindwa kuzituliza, hivyo jambo ambalo mwenzako halihisi kabisa, kama hewa ya baridi au kuzungumza kwa muda mrefu, linatosha kuleta mkereketo usiovumilika. Mwaka 2014 jopo la wataalamu wa Ulaya lilieleza hali hii kuwa ni ugonjwa unaostahili kutambuliwa. Huwapata zaidi wanawake wa makamo, ambao baadhi yao hutokwa na mkojo wanapokohoa na kwa aibu hawasemi. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anajiendekeza ni kumdhulumu.

Tiba basi hulenga neva. Gabapentin, dawa ya kifafa na maumivu ya neva, huwapunguzia baadhi ya wagonjwa, ingawa huleta usingizi na kizunguzungu na haifai kutumiwa bila daktari. Gefapixant, inayofunga P2X3, iliidhinishwa Japani mwaka 2022 na Umoja wa Ulaya mwaka 2023, ilhali Marekani iliikataa. Watumiaji wengi hupoteza ladha ya chakula, kwa kuwa neva za ulimi nazo hutumia vipokezi vya jamii hiyo. Njia ninayoipenda zaidi ni mazoezi ya koo chini ya mtaalamu wa matamshi: mkereketo unapoanza, mgonjwa hupiga funda la maji, humeza mate kwa nguvu, au huvuta hewa taratibu kwa pua, kwa maana kila kikohozi hulikwaruza koo upya na kuchochea kinachofuata. Shangazi sasa hakosi chupa yake ya maji, na dawa za dukani za kulainisha makohozi ameziacha, kwa kuwa makohozi yenyewe hana.