Kumbukumbu ya mradi: ŋ inapogeuka Å‹

Programu-jalizi yetu ya Python inapanga orodha ya maneno ya Luganda na Kiswahili ndani ya kihariri cha matini. Kwenye Linux hapa Kampala haina shida. Kwenye Windows za wenzetu wa Masaka, ukitafuta eŋŋoma hupati kitu, ilhali neno limo, na ukifungua faili yenyewe linasomeka vizuri kabisa.

Hilo la mwisho ndilo linalopoteza watu. Msimbo uliita open(njia) bila kutaja encoding (usimbaji, yaani kanuni ya kugeuza baiti kuwa herufi), hivyo Python ikafuata mazoea ya mashine: UTF-8 kwenye Linux, cp1252, usimbaji wa zamani wa Windows, kwenye mashine hizo. Katika UTF-8, ŋ ni baiti mbili, C5 8B. Kwa cp1252 kila baiti ni herufi yake: C5 ni Å, 8B ni ‹. Basi eŋŋoma yenye herufi 6 inakuwa na 8. Jalizi ikimaliza kazi inaandika kwa cp1252 ileile, baiti zinarudi kama zilivyokuwa, na faili inatoka safi. Anayenakili tu hataona lolote. Kinachovunjika ni kutafuta, kuhesabu herufi na kulinganisha safu.

Skrini si shahidi mzuri hapa. Chapisha ascii(neno) mara tu baada ya kusoma. Neno zima litatoka 'e\u014b\u014boma', lililoharibika 'e\xc5\u2039\xc5\u2039oma'. Ukishaona c5 na 2039 zimefuatana huna haja ya kubahatisha: ni UTF-8 iliyosomwa kama cp1252.

Faharasa ya maneno ambayo jalizi huihifadhi kama JSON ilithibitisha. json.dump kwa kawaida huandika ASCII tupu, na ndani yake tulikuta e\u00c5\u2039\u00c5\u2039oma. Maana yake uharibifu ulitokea kabla ya kuandika, tena sasa umeganda: faharasa hiyo ukiihamishia Linux, inakwenda na ugonjwa wake.

Kutafuta kila mahali penye kasoro hakuhitaji macho. Kuanzia Python 3.10, endesha majaribio ya jalizi nje ya kihariri kwa python -X warn_default_encoding. Kila open au read_text isiyotaja usimbaji inatoa EncodingWarning pamoja na namba ya mstari. Ipo pia -X utf8, ambayo inaifanya Python itumie UTF-8 pale usimbaji usipotajwa, na hivyo inaficha tatizo zima. Ni nzuri kwa kuthibitisha chanzo, lakini si tiba, kwa sababu jalizi hukaa ndani ya Python ambayo kihariri kimeshaiwasha, na hapo umechelewa kuchagua.

Marekebisho yenyewe ni mafupi:

open(njia, encoding="utf-8-sig", newline="") kwa kusoma CSV (faili ya jedwali ambayo orodha imo)
open(njia, "w", encoding="utf-8", newline="") kwa kuandika

Ile sig ni kwa ajili ya Excel. Ukihifadhi humo kama CSV UTF-8, faili inaanza na baiti EF BB BF. Ukisoma kwa utf-8 ya kawaida, safu ya kwanza inaitwa '\ufeffneno' na DictReader, kisomaji cha CSV cha Python, inakupa KeyError: 'neno' huku neno unaliona mbele yako. utf-8-sig husoma faili za aina zote mbili bila kulalamika.

Kilichotuumiza zaidi ni kiraka cha zamani, errors="ignore". Kiliwekwa kwa sababu alama ” ni E2 80 9D, na 9D haina herufi katika cp1252, kwa hiyo Python ilisimama na UnicodeDecodeError. Kiraka kilinyamazisha kosa kwa kuitupa baiti. Kwa maoni yetu, ignore haina kazi kwenye data ya lugha.

Kwa faharasa zilizokwisha kuharibika, neno.encode("cp1252").decode("utf-8") inarudisha ŋ zote. Inarudisha hata ng’ za wale wanaoandika kwa simu, ambazo zilikuwa zimegeuka ngâ€™. Ikigonga mstari uliobaki na E2 80 bila mwenzake, inatoa kosa. Tunaukamata mstari huo, tunauandika kwenye orodha ya pembeni, kisha tunausoma upya kutoka CSV ya asili. Mistari ambayo CSV yake nayo ilipitia ignore na kuhifadhiwa upya itabidi ichapwe tena kutoka kwenye karatasi.