Pana taa nzuri

Jumamosi, saa nne kasoro robo usiku. Tumesimama kwenye maegesho ya mgahawa, nimemshika Shangazi kiwiko asije akajikwaa kwenye ukingo wa njia. Wengine wanaagana, milango ya magari inafungwa mmoja baada ya mwingine. Nikamuuliza, "Shangazi, umepapenda?" Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Pana taa nzuri, mwanangu. Nimeziona nyuso zenu zote."

Nikafurahi. Nikamfunga mkanda, nikamrudisha kwake, nikasubiri hadi taa ya sebuleni ikawaka ndipo nikaondoka. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshavua kiatu kimoja, kingine bado mguuni, ndipo maneno yake yaliponirudia. Amesema ameona. Hakusema amesikia.

Leo Alhamisi na bado sijatulia. Wiki hii idara yetu imeunganishwa na ile ya ghorofa ya chini, nimekabidhiwa watu sita wa kuwasimamia, na bomba la jikoni limepasuka Jumatatu alfajiri, lakini usiku nikifumba macho nasikia sentensi moja tu. Pana taa nzuri, mwanangu. Kuna wakati naisikia kama shukrani. Kuna wakati naisikia kama mtu aliyetafuta kitu cha kusifu, akazunguka chumba kizima kwa macho, akakiona kimoja, akanipa hicho ili nisirudi mikono mitupu.

Mnaonisoma siku nyingi mnakijua kile kifaa chake cha sikioni. Mnakumbuka alivyokiweka miezi minane ndani ya mkebe wa sindano na uzi, akisema masikio yake hayana shida ila sisi ndio tunaonong'ona. Mnakumbuka ni mimi niliyekaa naye mpaka akakubali kukivaa. Katika ukoo mzima hakuna aliyepaswa kulifikiria sikio lile kabla yangu.

Na kazi ya kuchagua mahali nilipewa mimi. Ilikuwa karamu ya Baba kustaafu baada ya miaka 34, watu 14 na pacha wa mdogo wangu juu. Nikauliza kwenye kundi la familia: jamani, twende wapi? Majibu mnayajua. Popote tu. Mimi sina neno. Utakapochagua wewe. Nikataja mahali pa kwanza, zikaanza kutoka: pale hakuna pa kuegesha, pale ngazi nyingi, pale basi la mwisho hutupita mapema, pale kigari cha watoto hakipiti mlangoni. Si kwamba walikuwa wagumu. Kila mmoja alikuwa anawaza wengine wanataka nini, basi hakuna aliyesema anachotaka yeye.

Mume wangu akanikumbusha kisa tulichokisoma zamani, cha Jerry Harvey, profesa wa Marekani, alichokichapisha mwaka 1974. Familia imekaa nyumbani Coleman, Texas, mchana wa joto kali, inacheza dhumna na imeridhika. Baba mkwe anatoa wazo waende kula Abilene, maili 53 kutoka pale. Mmoja anasema wazo zuri, wa pili anaunga mkono, wa tatu naye. Wanaingia kwenye gari lisilo na kiyoyozi, wanakula chakula kibaya, wanarudi na vumbi mwilini. Jioni ndipo inajulikana kwamba hakuna hata mmoja aliyetaka kwenda, na baba mkwe mwenyewe alisema tu kwa kudhani wenzake wamechoka kukaa. Nikaapa sitawapeleka watu wangu Abilene. Nikaamua kila mmoja nimpigie simu peke yake, nimuulize ana shida gani hasa.

Nikapiga. Mama: goti, hataki ngazi. Mdogo wangu: mlango mpana, na mahali pa kuwalaza pacha wakisinzia. Mjomba: kurudi mapema, macho yake hayapendi taa za magari usiku. Kaka: "Wewe panga tu, nitakuja." Shangazi sikumpigia. Nilimpitia nyumbani, na kwa kuwa tulikuwa na mengine ya kuzungumza, nikamwambia siku na saa, yakaisha. Hili ndilo linalonichoma kuliko yote. Niliwauliza wote, nikamwacha yule ambaye nilidhani shida yake naijua.

Katikati ya mji tukapatupa mapema, kwa sababu ya maegesho na kwa sababu nusu yetu wangekaa barabarani saa nzima. Kwenye viunga kuna nafasi, majengo ni ya chini, na ukiichora ramani ya nyumba zetu saba unaona kuna kitongoji kimoja ambacho kiko karibu sawa kwa kila mtu. Nikaenda kuona migahawa mitatu kwa macho yangu. Wa kwanza ulikuwa na ngazi tano mlangoni, nikageuza. Wa pili viti vimefungwa sakafuni, vinne vinne, kama vya basi. Wa tatu ukanikaa moyoni: mlango mpana, sakafu moja kuanzia barabarani hadi msalani, maegesho yenye mwanga, na mhudumu kijana aliyeunganisha meza mbele yangu ili nione kama watu 14 watatosha. Akapima kwa viganja, kila mtu karibu sentimita 60, saba huku na saba kule. Nikapapenda papo hapo.

Lakini nilikwenda Jumanne saa tisa alasiri. Hapakuwa na mtu. Nilipima milango, viti, umbali wa msalani, mwanga wa maegesho. Sauti sikuipima, kwa sababu saa ile haikuwepo.

Jumamosi ilikuwepo. Sakafu ya vigae, kuta mbili za kioo, dari tupu, hakuna pazia wala zulia. Sauti ikitoka mdomoni haikuwa na pa kutua, ikawa inagonga kioo na kurudi. Upande wa pili wa ukumbi lilikaa kundi jingine, kubwa kuliko letu, nao wana sherehe yao. Wao wakipaza sauti ili wasikizane, sisi tunapaza ili tuwashinde, nao wanaongeza. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza jambo hili mwaka 1911: mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila kujijua. Hakuna aliyekuwa na makosa. Kufika saa mbili na nusu nilikuwa namwona mdogo wangu, aliyekaa hatua mbili tu kutoka kwangu, anafungua mdomo na kufumba.

Na Shangazi nilimkalisha katikati ya meza, mahali pa heshima, uso wake ukielekea ukumbini. Nilidhani nimemtendea wema. Nimemkumbuka wiki nzima alivyokuwa: kidole kinakwenda nyuma ya sikio, kinazungusha kile kigurudumu kidogo cha sauti, kinashuka, kinarudi tena. Halafu akaacha. Akaweka kiganja juu ya meza, vidole vimetandazwa, akabaki anatutazama. Baba aliposimama kusema machache, sote tulicheka pale alipotaja siku yake ya kwanza kazini. Shangazi alicheka baada yetu. Ni muda mfupi sana, wa kupepesa jicho, lakini mimi niliuona na nikaupuuza. Niliuona, nikamimina maji.

"Hajakulaumu," mume wangu aliniambia Jumapili.

"Ndiyo maana inauma," nikamjibu.

Jana jioni nikaenda kwake. Nilikuwa na sababu, alisahau shali yake kwenye gari langu. Nimeikunja vizuri, nimeishika kifuani kama mtoto aliyetumwa. Shikamoo, marahaba, karibu. Nikakaa, nikakataa chai mara mbili, nikaikubali ya tatu. Halafu nikashindwa kuvumilia.

"Shangazi, Jumamosi hukusikia kitu."

Akacheka. Kicheko cha kweli, hakikuchelewa. "Kitu? Hata bomu lingelipuka ningeliona tu."

"Mbona hukuniambia? Nilipokuuliza ukanisifia taa."

"Nilisifu taa kwa sababu taa zilikuwa nzuri." Akaiweka shali magotini, akaanza kuilainisha kwa kiganja. "Zilining'inia chini, zinamulika nyuso kwa mbele. Mimi nasoma midomo, mwanangu. Muda mrefu tu, hata kabla hamjaninunulia hiki. Mahali pengi mnaponipeleka mwanga unatoka nyuma ya watu, naona vivuli vyenye masikio. Pale niliona kila mdomo."

Sikujua la kusema. Siku tano nimeigeuza ile sentensi huku na huku, nikitafuta lawama ndani yake, kumbe alisema alichomaanisha.

Akanifundisha. Akaniambia nimtazame, akazima sauti, akatamka neno kwa midomo tu. Nikasema: "Mama." Akatikisa kichwa. Akarudia. Nikasema tena, mama, nina hakika. "Nimesema baba," akasema kwa sauti. Akatamka jingine. "Baba," nikasema. "Papa. Yule wa baharini." Tukacheka mpaka akashika ubavu. Ma, ba, pa, zote midomo inafunga na kufunguka vilevile, tofauti iko puani na kooni ambako jicho halifiki. Akasema msomaji wa midomo huambulia vipande tu, vingine hujaza mwenyewe kwa kumjua mtu na kujua habari inayozungumzwa. Kwa hiyo anachoka. Jumamosi aliporudi alilala na nguo zake, kwa uchovu wa macho. Hilo nalo sikulijua.

Basi nikatoa daftari. Nikamuuliza kile nilichopaswa kumuuliza mwezi mmoja uliopita, naye akanijibu kama aliyekuwa anasubiri. Anataka kelele iwe mgongoni kwake na sisi mbele yake, kwa sababu kifaa chake kinasikiliza zaidi upande anaotazama. Mimi nilikuwa nimemwelekeza ukumbini, kifaa kikawa kinamletea sherehe ya watu wengine. Anataka kona, si katikati. Anataka meza ya duara kuliko ndefu, na tukiwa wengi tugawanyike meza mbili kisha tuhame hame, kwa sababu watu 14 hawazungumzi pamoja hata wakitaka. Hapo nikamwambia kwamba Robin Dunbar na wenzake waliliandika hilo mwaka 1995, kwamba mazungumzo yakizidi watu wanne hivi hukatika yenyewe yakawa mawili. Shangazi akasema yeye amelijua kabla ya huyo bwana, harusini kwake. Na anataka tule saa kumi na mbili, kabla makundi hayajafika.

Nikapiga simu pale pale mgahawani, nikampata yule kijana wa viganja. Nikamweleza. Akasema kuna chumba kidogo nyuma, kina zulia na mapazia, meza mbili za duara, huwa kitupu mpaka saa mbili. "Ungeniambia tu kuna mzee asiyesikia vizuri, ningewaweka kule." Hakusema kwa ubaya. Nikamuuliza taa za kule zikoje. Akanyamaza, nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, halafu nikasikia hatua zake zinakwenda kuangalia. Akarudi: zinashuka juu ya meza, kama zile za mbele. Nikamtazama Shangazi, nikatamka bila sauti: taa nzuri. Akaipata mara moja.

Nilisimama kuondoka nikiwa mwepesi kama sijawa wiki nzima. Niko mlangoni, nimeshika kitasa, ndipo aliponiita.

"Kaka yako ana nini?"

"Kaka? Hana kitu. Kwa nini?"

"Alikuwa kule mwisho na mkewe. Mlikuwa mnapiga makofi, Baba yenu anakaa. Yeye hakupiga. Alimwinamia mkewe akamwambia: baba bado hajui." Akasita, akaitazama midomo yangu kana kwamba jibu liko pale. "Au mama bado hajui. Nimekwambia, hapo siwezi kuapa."

Nikamwuliza mkewe alijibu nini. Akasema mkewe alikuwa amempa kisogo.

Nimeyaandika haya yote na chai imepoa. Jumapili asubuhi nilimtumia Kaka ujumbe, kumshukuru kwa kulipa sehemu ya wazazi bila kumwambia mtu, mhudumu ndiye aliyenidokeza. Mpaka saa hii hajajibu.