Nataka kusomea elimu ya afya, na hapana, si eti nimekosa pointi za unesi

Nikisema nataka digrii ya elimu ya afya, swali la kwanza naloulizwa hapa Busia, mpakani upande wa Uganda, ni "kwani unesi ulikataa?" Mjomba wangu ndio kabisa, yeye anamjua daktari, anamjua nesi, anamjua na yule wa maabara anaetoa damu, wengine wote wa hospitali kwake ni askari wa geti. Sasa nimeona niandike hii kitu mara moja ndio nikiulizwa tena natuma linki tu, alafu najua kuna wenzangu waliomaliza S.6, yaani kidato cha sita, wanaowaza kitu kama hiki na hawajui waanzie wapi, maana ukitafuta kozi yenye jina hilo hilo kwenye vyuo vyetu vya Uganda utazunguka mpaka uchoke.

Kwanini mimi nimeng'ang'ana na hii? Jameni, mnaishi huku. Neti zinagawiwa bure na serikali, mtu anaandikishwa na VHT, yule mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, anabeba zake nyumbani, alafu ukishuka kwenye mialo ya ziwani unazikuta zimeanikiwa mukene, wale dagaa, nyingine zimezungushiwa bustani ya mboga kuku wasiingie. Na huyo mwenye bustani si mjinga, ukikaa nae atakueleza hesabu yake vizuri sana, kwamba mboga anaiona ikiliwa leo na malaria ataijua ikija. Au chukua chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Uganda mwezi wa nne 2025. Dozi ni nne, mtoto akiwa na miezi 6, 7, 8 alafu ya mwisho akifika 18. Hebu fikiria mama amekuja mara tatu mfululizo, ameacha biashara sokoni, amepanga laini, amemaliza, anaambiwa rudi baada ya miezi kumi. Dawa ipo, friji ipo, nesi yupo, lakini kama hakuna mtu aliyekaa na huyo mama akamweleza ile ya nne ni ya nini, unadhani atarudi? Wengine watarudi. Wengine mtoto ataonekana mzima na kadi itapotelea chini ya godoro.

Hiyo kazi ya kukaa na mama ndio nataka mimi. Na si kazi mpya hapa kwetu. Wazee wanamkumbuka Philly Lutaaya, mwanamuziki aliyekuwa Sweden, 1989 akarudi akasema hadharani ana UKIMWI, akazunguka mashule na makanisa akiongea na watu mpaka nguvu zikamuishia, na mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo akafariki. Kabla yake kidogo, 1987, Noerine Kaleeba na wenzake walikuwa wameshaanzisha TASO, shirika la kusaidia watu wenye UKIMWI, yeye kwa taaluma alikuwa wa fiziotherapia na mume wake alikuwa amefariki kwa ugonjwa huo huo. Hawa watu hawakuwa na dawa ya kugawa wakati huo, dawa haikuwepo huku kwetu. Walichokuwa nacho ni maneno na ujasiri wa kuyasema, na nchi ikabadilika tabia. Sasa mtu akiniambia elimu ya afya ni "kuongea tu" mimi hua namwangalia tu.

Lakini pia si kuongea tu, na hapa ndio kozi inapoingia. Kuna kisa nimesoma nikakipenda sana. Miaka ya 1950 huko Marekani serikali ilikuwa inapeleka magari ya eksirei mitaani kupima TB, bure, karibu kabisa na nyumba za watu, na bado watu wengi hawakwenda. Wakaitwa wanasaikolojia, mmoja wao Hochbaum, wachunguze kwanini. Wakakuta kitu kuwa bure na karibu hakutoshi kumpeleka mtu, anakwenda kama anaamini kweli huo ugonjwa unaweza kumpata yeye, anaamini ni mbaya, anaamini akipimwa itamsaidia, na usumbufu wake hauzidi faida. Kutoka hapo ndio ikazaliwa ile nadharia ya imani ya afya ambayo mpaka leo wanafundisha. Sasa rudi kwa yule mwenye bustani. Ukimpelekea bango limeandikwa "Malaria inaua" umemwambia kitu anachokijua toka utoto. Tatizo lake liko kwenye usumbufu, neti ina joto, neti haina pa kufungwa kwenye nyumba ya udongo ya chumba kimoja, watoto wanalala chini watano. Ukijua hivyo unaacha kumtisha unaanza kumwonyesha namna ya kuifunga. Hiyo tofauti ndio nataka kulipia ada nifundishwe.

Sasa mambo ya kupanga yenyewe. Ushauri wangu, na nimeutoa kwa kuuliza watu wengi mpaka wakanichoka, ni huu: usianze na jina la kozi, anza na kazi. Kwenye wilaya zetu kuna mtu anaitwa mwelimishaji wa afya wa wilaya, yuko chini ya ofisi ya DHO, yaani mganga mkuu wa wilaya, ndie anaepanga vipindi vya redio, anafundisha VHT, anaitwa kukiwa na mlipuko. Tafuta matangazo ya hiyo kazi, yanabandikwa ofisi za wilaya na magazetini, soma wanataka karatasi gani. Niliyoyaona mimi hayafanani, mengi yanataja afya ya umma au afya ya mazingira, mengine yanataja elimu ya afya yenyewe. Ukishajua hivyo ndio unarudi kwenye vyuo.

Makerere wana digrii ya sayansi ya afya ya mazingira iko chini ya shule yao ya afya ya umma. Lira University ina afya ya umma. Kwa vyuo vya binafsi kuna Uganda Christian University pale Mukono na Clarke International University Kampala, wote wana afya ya umma. Kinachonichekesha ni kwamba Busitema University iko hapa hapa wilayani kwetu, ukitoka Busia mjini unashika taksi tu, lakini kitivo chao cha afya kiko Mbale, kwa hiyo hata ningepata huko ningehama nyumbani tu.

Alafu usidanganywe na jina. Chukua orodha ya masomo ya kila mwaka, isome mstari kwa mstari. Kozi mbili zinaitwa afya ya umma zote, moja imejaa maji, vyoo na usafi wa chakula, nyingine imejaa takwimu na utafiti, na sehemu ya kuwasiliana na watu unaikuta imebanwa semesta moja tu mwishoni. Mimi kipimo nilichotumia nimekiazima Marekani, kule kuna mtihani wa waelimishaji wa afya unaitwa CHES, na wamegawa hiyo kazi katika maeneo manane: kuchunguza mahitaji ya watu, kupanga, kutekeleza, kupima matokeo na utafiti, utetezi, mawasiliano, uongozi na maadili. Sina mpango wa kwenda kufanya huo mtihani, bana, ila orodha yenyewe ni nzuri sana ya kushika mkono wa kulia huku mkono wa kushoto umeshika karatasi ya chuo. Kozi isiyogusa kupanga na kupima matokeo niliiweka pembeni hata kama brosha yake ina picha nzuri. Na uliza fildi ni muda gani na wanapelekwa wapi, maana kuna wanaopelekwa jamii kweli na kuna wanaoenda kupanga mafaili.

Kitu kingine ambacho hakuna atakaekwambia mpaka ulie: angalia kama kozi imeidhinishwa na NCHE, lile baraza la taifa la elimu ya juu, na idhini haijaisha muda. Mnakumbuka 2023 zile kelele, watu walifungua tovuti ya NCHE wakakuta kozi nyingi za vyuo vikubwa zimeandikwa muda umekwisha, wazazi wakachanganyikiwa. Ni dakika chache tu za bando, angalia.

Pointi sasa. Kuingia digrii unahitaji angalau prinsipo mbili za S.6, yaani masomo makuu mawili uliyofaulu, ulizopata kikao kimoja, pamoja na kufaulu masomo matano ya S.4. Lakini hiyo ni ya kufungua mlango tu, kinachokuingiza ni uzito. Somo la lazima kwa kozi wanazidisha mara tatu, linalohusiana mara mbili, mengine yanashuka hapo. Mimi nilisoma Biolojia, Kemia na Jiografia, kwa hiyo Biolojia ndio inanibeba, na sisi wasichana tunaongezewa pointi 1.5, kitu kilichoanza Makerere 1990 na ambacho kaka yangu hajawahi kukikubali mpaka leo, kila tukila anakirudia.

Pesa ndio maumivu. Serikali inalipia wanafunzi 4,000 kwa mwaka vyuo vya umma, nchi nzima hiyo, na nafasi nyingi zinaenda sayansi, alafu kuna zile za mgao wa wilaya. Ukikosa hapo kuna mkopo wa HESFB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Wengi wanadhani mkopo ni wa kila kitu, hapana, unalipa ada ya masomo na zile ada nyingine za chuo na utafiti, lakini hosteli, chakula, sabuni, nauli ya kurudi Krismasi, hiyo ni wewe na mama yako. Mama yangu anauza samaki soko la mpakani, tulikaa tukapiga hesabu ya chumba na chakula kwanza, ada tukaiacha mwisho, na ndio maana Kampala imeshuka kwenye orodha yangu. Si kwamba Makerere siitaki. Nani asiyeitaka?

Nije kwa kitu kinachonisumbua kweli, ajira. Zamani mtu akisoma mambo haya alijua serikali ikichelewa kuajiri atapata shirika, kazi za UKIMWI na TB zilikuwa nyingi. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada, USAID ikafungwa, na dada mmoja jirani yetu aliyekuwa mhamasishaji kwenye shirika alirudi nyumbani na begi lake akiwa na mkataba ambao haujaisha. Saa hii anauza airtime na kutoa pesa za simu pale stendi. Nilimuuliza kama nibadilishe kozi akaniambia "usibadilishe kozi, badilisha unachotegemea," akimaanisha nisisome nikingoja mradi wa wazungu. Akanishauri nitilie mkazo takwimu na kuandika mipango, kwa sababu mtu anaejua kukusanya data na kuisoma anahitajika hata wilayani, hata kwenye hospitali ya misheni, hata redioni. Nimelichukua hilo.

Mjomba nae nimpe haki yake kidogo. Hoja yake ni kwamba nesi pia anaelimisha, nenda HC III yoyote, yaani kituo cha afya cha ngazi ya tatu, asubuhi kabla kliniki haijaanza utamkuta sista amesimama mbele ya mabenchi anaongea na kina mama. Ni kweli. Lakini huyo huyo sista ana watoto wa kupima, chanjo za kuchoma na rejista za kujaza, kwa hiyo anaongea haraka haraka na mama aliyeketi nyuma na mtoto analia hakuskia kitu. Na wale wasiokuja kliniki kabisa, madereva wa malori waliolala kwenye foleni ya forodha, vijana wa boda, wavuvi, nani anawafuata?

Hao wa malori unawafuata kwa Kiswahili, hapo hakuna ubishi, wanatoka Mombasa wanaenda Juba na Kigali. Ukiingia vijijini ni Kisamia, upande mwingine ni Kiteso. Digrii yote itafundishwa kwa Kiingereza na hakuna chuo kitakachonifundisha namna ya kumwambia mzee wa Kiteso habari za shinikizo la damu bila kumkosea heshima. Kwa hiyo kabla masomo hayajaanza nimeomba kuwafuata VHT wa kijiji chetu wanapopita nyumba kwa nyumba. Hawalipwi mshahara hao watu, wengine wamefanya hiyo kazi miaka na miaka kwa baiskeli na fulana, na wanajua nani atakufungulia mlango na nani atasema hayupo huku unamuona dirishani. Nimeshaelewa kwamba unaanza kusalimia bibi, unauliza habari za shamba, maji ya kunywa unayapokea hata kama huna kiu, ndio unafika kwenye habari ya choo.

Basi mpango wangu uko hivi. Chaguo la kwanza Lira, afya ya umma, kwa sababu ya gharama ya maisha na kwa sababu karatasi yao ya masomo niliipenda. La pili Makerere, nikipata ya serikali. Zikikataa zote naenda diploma ya afya ya mazingira pale Mbale School of Hygiene, nafanya kazi kidogo, alafu naingia digrii kwa njia ya diploma, na wala sioni kama ni kushuka, kuna watu wazuri sana kwenye hii kazi waliopita hapo hapo. Vyuo vya binafsi nimeviacha mpaka mkopo ukubali. Mama ameridhia, sharti lake ni moja tu nisipange chumba karibu na baa. Mjomba amesema nauli ya kwanza atatoa yeye, lakini bado anawaambia watu wa msikitini naenda kusomea unesi.

Kama kuna mtu yuko Lira mwaka wa pili au wa tatu naomba aniambie fildi huwa wanapelekwa wilaya gani na kama chumba kinapatikana karibu na chuo. Na bei ya kweli tafadhali, si ile mnayowaambia wazazi.