Ufa wa Saruji na Ufa wa Mbuga

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni Yeremia 2:13. Naomba kila mmoja alisome mwenyewe kabla ya kuendelea, maana nitalizunguka kwa muda. Mungu analalamika kwamba watu wake wametenda maovu mawili: wamemwacha yeye aliye chemchemi ya maji ya uzima, kisha wamejichimbia mabirika, tena mabirika yavujayo.

Andiko hili nalijua tangu shule ya Jumapili. Mwaka huu ndio limeniingia, tena sikuwa kanisani. Nilikuwa nimechuchumaa uani kwangu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tochi ya simu mkononi, natazama samaki wanakufa.

Walikuwa tisa, wa rangi ya chungwa, mmoja akiwa na baka jeupe kichwani. Wote walikuwa wamepanda juu, midomo imetoka nje ya maji, inafunguka na kufunga, inafunguka na kufunga. Umeme ulikatika tangu saa mbili usiku na pampu ilikuwa imesimama. Baadaye nilielezwa kwamba mwani, ambao mchana hutoa hewa majini, usiku nao huivuta kama viumbe wengine, na maji ya uvuguvugu hayashiki hewa nyingi kama ya baridi. Kwa hiyo kabla ya kupambazuka ndipo samaki wanapobanwa zaidi. Wakati ule sikujua lolote kati ya hayo. Nilichukua ndoo nikawa nachota maji na kuyamwaga tena kutoka juu, nachota na kumwaga, mpaka mkono ukafa ganzi. Walipona wanne.

Bwawa lile tulilijenga kwa hiari yetu. Nyumba yetu iko Nyegezi, mteremkoni, katikati ya mawe makubwa kama mnavyoyajua ya Mwanza. Mume wangu aliona bwawa la namna hiyo kwenye bustani ya hoteli akalipenda, nami nikalipenda kuliko yeye. Tulilitengeneza kwa umbo la namba nane, likawekwa vigae vya buluu, kokoto zikapangwa pembeni, na maporomoko madogo yakawa yanatiririka kwa pampu. Chini ya maji kulikuwa na taa. Kwaya ikija kufanya mazoezi jioni, kila mtu alitaka kupigia picha pale. Lilikuwa zuri, nasema kweli, na sioni dhambi kupenda kitu kizuri. Mwanzo 2:9 inapotaja miti ya Edeni, inaanza na kutamanika kwake kwa macho, ndipo inafika kwenye kuliwa.

Lakini uzuri ule ulikuwa wa kushikiliwa. Kinyesi cha samaki hugeuka kuwa amonia, nayo ni sumu kwao. Kuna bakteria wanaojishika kwenye kokoto na kwenye utelezi wa kuta, na hao ndio huigeuza sumu ile kuwa kitu ambacho mimea inaweza kukila. Mimi kila Jumamosi nilikuwa naingia na brashi kusugua ule utelezi, nataka vigae ving'ae. Kisha tunajaza maji ya bomba, yenye klorini, inayowamaliza waliobaki. Kila Jumamosi, kwa bidii yote, nilikuwa nawafuta wafanyakazi pekee waliokuwa wanaliweka bwawa hai. Jumapili linang'aa. Jumatano maji yananuka.

Halafu ukaja ufa, mwembamba kama unywele, kuanzia chini ya maporomoko. Maji yakawa yanashuka vidole viwili kwa usiku mmoja. Fundi akaja, akaziba. Akaja tena. Mara ya tatu akakaa kwenye ndoo yake, akafuta jasho, akaniambia, "Mama, sitaki kula hela yako bure. Saruji ikishapasuka imepasuka. Nitaziba, lakini utaniita tena." Waswahili wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nilikuwa naziba kila mwezi na ukuta naujenga vilevile.

Hapo ndipo Yeremia alipoanza kusema nami. Yeye alitoka Anathothi, kijiji cha makuhani katika nchi ya Benyamini, karibu na Yerusalemu, na watu aliowahubiri hawakuhitaji kuelezwa birika ni nini. Kule mvua ina msimu wake na kiangazi ni kirefu. Walichonga mashimo kwenye mwamba wa chokaa, wakayapiga lipu ndani, wakakinga maji ya mvua. Mwamba ukipata ufa au lipu ikibanduka, maji ya kunywa nyumba nzima yanaondoka kidogo kidogo, gizani, chini ya ardhi. Birika halipigi kelele likivuja. Unagundua siku unayoshusha ndoo, ukasikia imegonga mwamba.

Nadhani tunawaonea watu wale tunapowasoma haraka. Kuchonga mwamba ni kazi ya miezi, hawakuwa wavivu. Walichoka wakitengeneza kitu ambacho kingewafanya wasihitaji kurudi chemchemini.

Mwezi wa tisa tulikwenda kwa mama mkwe, Misungwi, upande wa mbugani, nasema mbuga ya kulima, si ya wanyama. Nyuma ya majaruba yake ya mpunga kuna bwawa ambalo hakulichimba mtu. Ni bonde tu la udongo mweusi linalopokea maji ya pande zote. Mwezi wa tisa halina cha kumvuta mgeni. Katikati kulikuwa na uji wa kijani, upana wake kama chumba cha kulala, na yangeyange wawili wamesimama ndani. Kote kulikobaki pamekauka, pamejaa nyayo za ng'ombe zilizogeuka vikombe vigumu, na nyufa. Nilipiga magoti nikaingiza mkono kwenye ufa mmoja, ukazama mpaka karibu na kiwiko. Chini kabisa vidole viligusa ubaridi.

"Mama, hili limekufa?" nikamuuliza.

"Limelala, mwanangu. Ngoja mvua."

Nikamwambia maji yote yatapotelea kwenye mashimo hayo. Hakunijibu, akaendelea kupepeta mchele wake.

Tulirudi kule Desemba, na kabla sijamfikia kumwamkia nilikuwa nimeshasikia vyura. Ilibidi nimwombe shemeji anieleze, maana yeye ndiye analima mbuga ile. Udongo mweusi ukikauka hunywea, ndiyo maana unapasuka. Ukilowa hufura. Mvua ya kwanza inaponyesha, maji hayakai juu hata kidogo, yote yanateremka kwenye nyufa, na mtu asiyejua atasema yamepotea. Kumbe yanakwenda kuufurisha udongo tokea chini. Nyufa zinajifunga, moja baada ya nyingine, na zikishafunga, mvua inayofuata haina pa kupenya. Bwawa linazibwa na maji yaleyale ambayo lilikuwa limeshindwa kuyashika.

Wapendwa, mimi nilisimama pale nikalia.

Nilikaa ukingoni mpaka jua likazama, niwaambie nilichokiona. Mayungiyungi yameshachanua, meupe, majani yake yamelala juu ya maji yamebeba matone. Kereng'ende wekundu wanatua kwenye matete. Fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, anatembea kwenye maji ya kina kifupi, anatikisa tope kwa mguu, anasubiri, anadonoa. Na kambare. Shemeji anasema usiku wa mvua kubwa huwakuta wakivuka njia, wanajisukuma kwenye majani mabichi kutoka dimbwi moja kwenda lingine, kwa sababu kambare ameumbwa na kiungo cha kuvuta hewa ya nje. Kamongo kazidi hapo. Ana mapafu, na maji yakimkaukia anajichimbia topeni, anajizungushia ute unaokauka kama ngozi, anasubiri mvua. Mwezi wa tisa, wakati mimi naliita bwawa maiti, ni nani ajuaye kilichokuwa kinapumua chini ya miguu yangu?

Hata Ziwa letu, Victoria, lina habari kama hiyo. Kilomita za mraba zipatazo 68,800, na bado wataalamu waliotoboa tope la chini kabisa walikuta tabaka la udongo uliowahi kukauka juani, zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Mahali meli zinapopita kwenda Ukerewe palikuwa nchi kavu.

Sasa nitaje jambo linaloniuma. Dada mmoja wa kikundi chetu cha maombi alifiwa na mtoto. Kwa miezi mingi hakuimba. Alikuwa anaingia ibada imeshaanza, anakaa benchi la mwisho, anatoka kabla ya baraka. Nasi tukageuka mafundi. Kila mmoja na karai lake la lipu. Mmoja anamwambia Mungu ana kusudi, mwingine anamwambia asimpe shetani nafasi. Mimi nilimvuta pembeni mlangoni nikamwambia ajikaze, kwani wasichana wa kwaya wanamtazama. Nilitaka ang'ae. Nimeshamwomba msamaha, akanisamehe, lakini maneno yale ningali nayasikia.

Aliyemsaidia ni bibi mmoja wa mtaani kwake. Kila Jumanne alikwenda, wakakaa kibarazani, wakachambua dagaa pamoja. Akimaliza anasoma zaburi moja, anaomba kwa ufupi, anaaga. Hakuuliza kama ameanza kujisikia vizuri. Mtu wa nje angesema zaburi zote zile zimemwagwa shimoni. Dada yetu mwenyewe alikuja kuniambia, "Nilikuwa sisikii kitu, mama. Lakini yalikuwa yanaingia." Siku aliyoimba tena hakutangaza, alianza tu ubeti wa pili pamoja na wengine.

Someni Zaburi 51:17 sambamba na Yeremia. Daudi anasema moyo uliovunjika na kupondeka Mungu hataudharau. Kwa miaka mingi niliusoma mstari huu kama vile Mungu anauvumilia tu moyo wa namna hiyo. Sasa naona kwamba moyo uliopasuka una mahali pa maji kuingilia hadi chini kabisa, ambako mtu mwenyewe hawezi kufika. Moyo wangu mimi wa vigae ulikuwa hauna.

Sitaki mtu anielewe vibaya akaenda kuogesha watoto bwawani. Kanda yetu hii ina kichocho, na konokono wanaokieneza wanakaa kwenye maji ya namna hiyohiyo. Mbu nao huzaliana palipotuama, ingawa bwawa lenye samaki na watoto wa kereng'ende lina walaji wengi wa viluwiluwi vya mbu kuliko kopo lililosahauliwa nyuma ya nyumba. Maji ya kunywa yachemsheni. Kazi ya Mungu ina heshima yake, na hatari ni sehemu ya heshima hiyo.

Lakini kuna jambo la ufukweni ambalo waamini wa Mwanza tunapaswa kulizungumza, kwa sababu baadhi yetu tuna viwanja kando ya Ziwa. Tunang'oa matete na mafunjo ili tuone maji vizuri, tunajenga ukuta wa mawe, tunapanda nyasi fupi. Matete yale ndiyo yanayokamata tope na uchafu unaoteremka na mvua kutoka mitaani, na ndimo vifaranga vya samaki vinamojificha. Tunang'oa kinachosafisha ili mahali paonekane pasafi. Halafu maji yakigeuka kijani tunashangaa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe bila shughuli zinazoweza kuyaharibu mazingira ya Ziwa. Mkristo mwenye kiwanja hahitaji kusubiri mkaguzi.

Mtaniuliza bwawa letu la vigae limeishia wapi. Mume wangu alitaka kulijaza kifusi, nikamwomba asubiri. Tulipotoka Misungwi tulibeba viroba viwili vya udongo wa mbuga nyuma ya gari, na ndoo ya mayungiyungi yenye tope lake. Pampu tumeizima, tumeiuza. Udongo tumeukanyaga kwa miguu juu ya ule ufa, mimi na watoto, mpaka magotini tukawa weusi. Samaki wanne waliobaki wamo. Siingii tena na brashi. Maji yamekuwa na rangi ya chai, na wageni hawapigi picha.

Sijui kama udongo utashika kiangazi kikija. Kwa sasa maji hayajashuka hata kidole.

Juzi usiku mvua ilinyesha kubwa, umeme ukakatika kama kawaida. Nikashtuka usingizini kwa mazoea, nikitafuta ndoo. Ndipo nikasikia dirishani chura, mmoja tu, analia, ananyamaza, analia tena. Sikumleta mimi, na toka bondeni hadi kwetu ni mlima wa mawe matupu. Mume wangu naye alikuwa macho. Akaninong'oneza gizani, "Huyo ni wa kwetu?"

Nikamwambia, "Sikiliza."