Nilivyoufuata Mto wa Mtaani Hadi Baharini

Nimekulia Dandora. Mto Nairobi kwangu ulikuwa maji meusi ya kuvukwa mbiombio huku umeziba pua. Shuleni tuliambiwa unaingia Athi, Athi unageuka Galana, na Galana ukikaribia pwani unaitwa Sabaki. Nilikariri, lakini sikuamini. Mwaka jana nikaamua kuufuata kwa vipande, kila nikipata siku mbili tatu za likizo.

Mwanzo ulikuwa rahisi: matatu hadi Kikuyu, kwenye kinamasi cha Ondiri, mto unakoanzia katikati ya matete. Safari ya pili, Fourteen Falls karibu na Thika. Pale mto wetu umeshaungana na Athi, na kwenye mawe nilikuta povu zito lenye harufu ile ile ya nyumbani. Niliumia.

Kutoka hapo Athi huambaa na uwanda wa Yatta, mgongo wa lava wenye urefu wa kilomita 290 hivi, na matatu za kuufuata huko hakuna. Nikazunguka kwa Barabara ya Mombasa hadi Voi. Kukodi gari la mbugani peke yangu kungenifilisi, kwa hiyo tulichanga watu saba. Tuliingia Tsavo Mashariki Agosti, nchi imekauka. Mto Voi ulikuwa mchanga mtupu. Tukapita vichaka vya kijivu hadi macho yakachoka, ndipo tukaona mstari wa kijani, mikoma imesimama: Galana.

Kufika hapo Athi umeshapokea Mto Tsavo, unaolishwa na chemchemi za Mzima, yaani mvua ya vilima vya Chyulu iliyochujwa na miamba ya volkano. Kwenye maporomoko ya Lugard mto mzima unabanwa katika ufa wa mwamba wenye milia, na chini yake mamba wanaota jua. Ng'ambo walikuwepo ndovu, wekundu kwa vumbi. Jike mmoja alisimama hatua chache tu kutoka majini, akachimba mchanga kwa mguu wa mbele, akangoja shimo lijae, akanywa, kisha akampisha mtoto wake.

"Anataka yaliyochujwa na mchanga," dereva alisema.

Nilimtazama mpaka tukaambiwa muda umekwisha.

Desemba nilifika mlango wa Sabaki, kaskazini mwa Malindi. Maji ya udongo yalikuwa yameipaka bahari rangi ya chai ya maziwa. Mvuvi mmoja akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Nairobi.

"Basi ndugu yangu, udongo wenu huu hapa."