Allan Sekula na watu wa bandari

Wiki hii nimerudi kumsoma Allan Sekula. Kila baada ya isha, watoto wakishalala, nasoma kurasa chache nikiwa nimekaa kibarazani. Alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa 1951, akafariki Agosti 2013. Alipiga picha, aliandika kuhusu picha, na tangu 1985 alifundisha katika chuo cha sanaa cha California Institute of the Arts. Kwangu mimi ninayefundisha vijana kamera hapa Kisauni, Mombasa, hakuna mwingine aliyenionyesha wazi zaidi kwamba kazi hizo tatu ni kazi moja.

Tazama alichofanya 1972, bado mwanafunzi San Diego. Alisimama kwenye njia ya watembea kwa miguu nje ya kiwanda cha ndege, zamu inaisha, akawapiga wafanyakazi wanapopanda ngazi kumjia. Ni slaidi 25 zinazofuatana. Hakuna tukio lolote, watu wanatoka kazini tu. Mimi huzikumbuka feri ya Likoni inaposhusha watu jioni: mama amejitwika ndoo tupu ya samaki, kijana anasukuma mkokoteni huku akipiga kelele apishwe, fundi viatu vyake vyeupe kwa vumbi la simiti. Nikiwaambia wanafunzi wakapige pale, huniuliza, "Mwalimu, sasa tupige nini?" Wamezoea Fort Jesus, sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, na jahazi jua likitua. Picha nzuri hizo, lakini Mombasa ya picha hizo haina mtu anayefanya kazi.

Mwaka 1986 alitoa makala kuhusu picha za polisi wa karne ya 19. Humo yumo Bertillon wa Paris, aliyewapima washukiwa vichwa na masikio, na Galton wa Uingereza, aliyepachika nyuso za watu juu ya nyuso nyingine akitafuta sura ya mhalifu. Galton huyohuyo ndiye mmoja wa waliozipigia debe alama za vidole. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kwanza, nikawawaza babu zetu waliolazimishwa na mkoloni kuvaa kipande, yaani kitambulisho cha kazi, shingoni, alama za vidole zao zikiwa ndani ya kikebe. Kumsajili mtu na kumwona ni mambo mawili mbali kabisa, na mpiga picha anayewapanga watu ukutani kama orodha afikirie hilo.

Kazi yake kubwa, Fish Story, ilimchukua kuanzia 1989 hadi 1995, Rotterdam, Gdańsk, Ulsan, Veracruz na kwingine. Ni picha na insha pamoja, kuhusu bahari na watu wanaoifanyia kazi, na jinsi kontena lilivyowaficha. Kontena lenyewe si la zamani: meli Ideal X ilitoka Newark kwenda Houston Aprili 1956 ikiwa na makontena 58. Kabla ya hapo mzigo ulipita mabegani mwa watu. Mjomba wangu alikuwa kuli Kilindini, bandari ya Mombasa, na bega lake la kulia mpaka leo liko chini kuliko la kushoto. Nilipomwonyesha zile picha alizikodolea macho, kisha akasema, "Mjomba, zamani meli ilikaa gatini siku nyingi, mabaharia tukajuana nao kwa majina. Siku hizi inaingia, inashusha, ishatoka." Sekula alihitaji kurasa nyingi kulisema hilo, tena kurasa ngumu. Insha zake siwapi wanafunzi nzima nzima. Nawasomea aya moja, tunaijadili hadi ieleweke.

Kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni ya Seattle, Marekani, 1999, kwenye maandamano ya kupinga Shirika la Biashara Duniani. Aliingia bila flashi, bila lenzi ya kuvuta mbali, bila kinyago cha gesi, bila kitambulisho cha mwanahabari. Hakuisaka picha moja ya vurugu ya kuuzia magazeti. Alikaa na watu, akangoja nao.

Jumamosi tutaanzia nje ya geti la bandari, zamu inapobadilika. Ndani huingii na kamera bila kibali, na nje panatutosha. Kila mwanafunzi atapiga mtu mmoja baada ya kumwomba ruhusa, amuulize leo amebeba nini na kinakwenda wapi, kisha aandike majibu yake kwa Kiswahili chini ya picha.