Pumu ya binti yangu wakati wa kafyu

Kafyu ilipoanza Kenya tarehe 27 Machi 2020, kilichonitia hofu kuliko korona ni saa zake: saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Pumu ya binti yangu, aliyekuwa na miaka saba, hupenda kumbana usiku wa manane. Sisi twaishi Kisauni, Mombasa, upande wa bara, na hospitali kubwa iko kisiwani, ng'ambo ya daraja la Nyali.

Nilimpigia simu daktari wetu wa kliniki. Akanieleza kwamba hospitali nyingi zinaepuka mashine inayogeuza dawa ya pumu kuwa mvuke, isije ikarusha virusi hewani, na kwamba pampu ya buluu, yaani salbutamoli, dawa ya kufungua kifua, ikipitishwa kwenye chupa humsaidia mtoto vilevile. Tulichukua chupa ya maji ya nusu lita, tukatoboa kitako chake tundu la kutosha mdomo wa pampu. Unapuliza mara moja, mtoto anavuta pumzi nne au tano kwenye mdomo wa chupa, unatikisa pampu, unapuliza tena. Chupa huoshwa kwa sabuni ikaachwa ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, dawa hunata kwenye plastiki.

Akaniandikia na mpango: akibanwa, mipulizo minne hadi kumi, na baada ya dakika 20 nirudie. Mbavu zikivutwa ndani, akishindwa kumaliza sentensi au midomo ikigeuka rangi, hakuna kungoja alfajiri. Nikazungumza na mzee wa mtaa, kisha na jirani mwenye tuktuk. "Dada, we piga tu, hata iwe saa nane," akaniambia.

Pampu ya kahawia, ile ya kinga, tuliendelea nayo asubuhi na jioni hata akiwa mzima, na akimaliza husukutua. Watu walinishauri niiache, eti inapunguza nguvu ya kupigana na korona. Daktari alikataa katakata, nami namshukuru mpaka leo. Mavyaa naye alikubali kuchomea udi wake barazani, moshi usimfikie mtoto.

Na usiku ule niliouogopa haukuja. Shule zilikuwa zimefungwa, na mafua yakatoweka nyumbani. Marekani na Uingereza pia, watoto waliopelekwa idara za dharura kwa pumu walipungua sana mwaka huo. Wapo waliosema ni woga wa hospitali tu. Woga ulikuwepo, na naamini kuna watoto walioumia majumbani kwa sababu yake. Lakini kifua cha mwanangu nilikisikiliza kila usiku, na hakikulia. Virusi vya mafua ndivyo vinavyowabana watoto wengi wa pumu, na tulikuwa tumevifungia mlango.

Shule zilipofunguliwa Januari 2021, mafua yakarudi, na pumu nyuma yake. Usiku alipobanwa, chupa na pampu ya buluu vilitosha. Kulipokucha nilikwenda kumwona mwalimu wake nikiwa na chupa ya pili, nikamwonyesha namna ya kuitumia, naye akaniomba nirudi niwaonyeshe walimu wenzake.